Karatasi ya kuwa nayo si karatasi ya kutembea nayo

Yomba wangu ana bunduki moja ya kuwinda, na ana karatasi yake. Karatasi hiyo anaitunza kuliko bunduki yenyewe: imo ndani ya bahasha, bahasha imo ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko umo ndani ya sanduku la nguo, katika lupango letu hapa Lukafu. Mwaka juzi alipanda basi kwenda shambani kwake upande wa Lualaba, mahali ambapo nguruwe-mwitu wanakula mahindi kabla mwenyewe hajayaonja. Bunduki aliifunga ndani ya gunia, bila risasi ndani, akaisukuma chini ya kiti. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari alilipapasa gunia, akaomba karatasi, akaisoma mara mbili, kisha akasema:

"Papa, hii karatasi iko ya kuwa nayo. Haiko ya kutembea nayo."

Yomba alimjibu kwa sauti iliyosikika katika basi zima: "Sasa nguruwe njo watakuja kunitafuta Lukafu?" Watu walicheka. Askari hakucheka. Bunduki ilibaki pale siku nne, Yomba akarudi Lubumbashi kutafuta barua nyingine, na alipofika shambani hatimaye alikuta mabua matupu.

Sisimulii haya ili kumlalamikia askari yule. Nasimulia kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa lugha, na tangu siku Yomba aliponieleza sentensi ile haijanitoka kichwani. Naona kwamba ni tafsiri nzuri ya sheria kuliko nyingi nilizowahi kusikia katika Kiswahili chetu. Kifaransa cha wanasheria kinatenganisha mambo matatu: détention, port na transport. La kwanza ni kuwa na silaha mahali pako. La pili ni kuwa nayo mwilini unapokwenda kati ya watu, tayari kuitumia. La tatu ni kuihamisha kutoka mahali hadi mahali, imefungwa, kama mzigo mwingine. Askari ambaye hajakaa hata siku moja katika madarasa yetu aliyatenganisha mawili ya kwanza kwa vitenzi vya kila siku: kuwa nayo, kutembea nayo.

La tatu hakuwa na neno lake. Na jambo alilofanya Yomba lilikuwa hilo la tatu. Hakuitundika bunduki begani. Aliifunga kwenye gunia ili ifike shambani. Lakini pale kizuizini palikuwa na vitenzi viwili tu, na kwa kuwa bunduki haikuwa nyumbani, basi ilikuwa "inatembea". Hoja yangu ndiyo hii: mtu anayevuka mpaka na silaha yake halali huhukumiwa kwa kitenzi, na vitenzi ni kazi ya kitivo chetu. Tunayo kazi hapo, na bado hatujaifanya.

Jambo hili nililiona vizuri zaidi kwa mtoto wa kwanza wa Yomba, ambaye mimi namwita Yaya. Yeye anaishi Marekani, katika jimbo la Iowa, amekwisha pata uraia, na anaendesha lori. Kazi yake ni kuvuka mipaka ya majimbo mchana na usiku. Kutoka Davenport, upande wa Iowa, hadi Rock Island, upande wa Illinois, ni kuvuka daraja moja la mto Mississippi. Ana bastola, ambayo aliinunua baada ya mwenzake kuibiwa usiku mahali malori yanapolala. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti:

"Mudogo, weye njo unasoma luga. Unielezee: hapa banasema naweza kutembea na pistole kama nimeificha. Kama nimeificha! Kwetu mutu mwenye kuficha buduki si njo mwizi?"

Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka.

Neno la kwanza linalomdanganya Yaya, hata hivyo, si kuficha. Ni jimbo. Sisi tunasema jimbo la Haut-Katanga na jimbo la Lualaba. Hadi 2015 yote mawili yalikuwa Katanga moja. Ukitoka hapa kwenda Kolwezi unavuka mpaka wa utawala, lakini sheria ya silaha haibadiliki njiani: ni ile amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya wakati nchi inaitwa Zaire. Marekani nako tunasema majimbo, kwa neno lile lile. Lakini jimbo la kule lina bunge lake, mahakama zake na kanuni zake za jinai, na kuhusu bastola kila moja lina lake la kusema. Anayesikia "jimbo" kwa sikio la Lubumbashi anadhani anavuka kutoka wilaya hadi wilaya, kumbe anavuka kutoka sheria hadi sheria.

Tazama daraja la Yaya. Iowa, tangu tarehe 1 Julai 2021, haimdai tena mtu mzima asiye na kosa ruhusa ya kutembea na bastola, ingawa bado inatoa karatasi kwa anayeitaka. Ukivuka maji uko Illinois, ambako mkaazi anahitaji kwanza kadi ya mwenye silaha, kisha leseni nyingine ya kutembea na bastola iliyofichwa. Illinois ndiyo ilikuwa jimbo la mwisho kabisa kukubali jambo hilo, mwaka 2013. Mgeni mwenye ruhusa ya kwao anaweza kubaki na bastola ndani ya gari lake, lakini akishuka na kuliacha gari, bastola ibaki imefungiwa humo. Yaani hatua tatu kutoka mlango wa lori hadi mahali pa kununua kahawa zinatosha kumgeuza mtu mwema kuwa mhalifu.

Hili si la kufikirika. Mwezi wa Oktoba 2013, mama mmoja wa Philadelphia, mwenye ruhusa halali ya jimbo lake la Pennsylvania, alisimamishwa na polisi wa barabarani katika New Jersey, jimbo la jirani. Yeye mwenyewe alimwambia polisi kwamba ana bastola na ana karatasi yake. Alidhani anaonyesha utiifu. Karatasi ile haikuwa na uzito wowote upande ule wa mpaka, na mama yule, ambaye hakuwahi kuhukumiwa kwa kosa lolote, alijikuta mbele ya hatari ya miaka isiyopungua mitatu gerezani. Ilibidi gavana wa New Jersey amsamehe, Aprili 2015. Leseni yake ya kuendesha gari ilikubaliwa pale pale; leseni yake ya bastola ilimpeleka rumande. Hata mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Marekani iliposema kwamba raia ana haki ya kutembea na bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda, haikusema kwamba ruhusa ya jimbo moja lazima ikubaliwe na jingine.

Iko njia moja ya kupita, nayo inarudi kwenye vitenzi vyetu. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayetoka mahali ambapo silaha yake ni halali kwenda mahali ambapo ni halali pia, hata kama majimbo ya katikati hayaitaki. Masharti yake: bunduki isiwe na risasi ndani, na isiwe mahali ambapo mkono wa aliye katika gari unaifikia. Kama gari halina buti, basi iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na kisanduku kile cha mbele ya abiria hakihesabiki. Kwa maneno mengine, sheria hiyo hailindi kutembea nayo; inalinda kuisafirisha tu. Ni gunia la Yomba, ila lina kufuli.

Na hapo Yaya aliniambia jambo ambalo wanaosoma tafsiri watalifurahia. Aliposoma mara ya kwanza kwamba silaha iwe "unloaded", alidhani wanazungumzia lori: lisiwe na mzigo. Neno lile la Kiingereza, kama charger ya Kifaransa, linabeba lori na bunduki kwa pamoja. Kiswahili hakichanganyi: lori hupakiwa, bunduki hutiwa risasi, na gobori la babu lilikuwa likishindiliwa. Lugha yetu hapa ni sahihi kuliko zile mbili ambazo sheria imeandikiwa. Tunazoea kusema kwamba Kiswahili "hakina maneno" ya sheria. Wakati mwingine kinayo mazuri zaidi, ila hakuna aliyeyaita yaje kufanya kazi.

Sasa swali la Yaya. Kuficha, katika kinywa chetu, kuna hatia ndani yake. Mtu huficha alichoiba, huficha ugonjwa, huficha mimba. Ukisema mbele ya hakimu "aliificha bastola chini ya koti", umekwisha toa nusu ya hukumu. Katika Kiingereza cha Marekani neno la kuficha limeingia katika jina la leseni yenyewe, likatulia, likawa jambo la heshima: mtu anakwenda darasani, anachukuliwa alama za vidole, analipa, kisha anapewa haki ya kuficha. Kuna majimbo ambayo mtu akiionyesha wazi ndipo anapokosa. Kwetu sisi mantiki ni kinyume: silaha inayoonekana ina mwenyewe na ina sababu, isiyoonekana inangoja mtu.

Kiswahili kinacho kitenzi kingine, kizee, ambacho hakihukumu: kufutika. Mtu hufutika kisu kiunoni, hufutika pesa katika pindo la kitenge. Ni kuweka kitu ndani ya vazi, karibu na mwili, kisionekane, bila kusema kama ni kwa wema au kwa ubaya. Nilimwambia Yaya: wewe huifichi, unaifutika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sikio la Lubumbashi litasikia kwamba bastola "imefutika" kama maandishi ubaoni. Ana haki. Kwa hiyo sisemi kwamba kufutika ndilo jibu. Nasema kwamba mazungumzo yale ya dakika tano kati ya dereva wa lori na mwanafunzi yalikuwa kazi ya istilahi, na yalipaswa kufanyika zamani, hapa, mbele ya waalimu wetu.

Wenye majirani wameanza. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na kule wanasema leseni ya "kumiliki silaha". Lakini hata hilo tusilichukue kwa macho yaliyofumbwa. Kumiliki ni kuwa mwenye mali. Mlinzi wa kampuni anayesimama usiku kwenye lango la ghala ana bunduki mkononi ambayo si mali yake. Haimiliki, ila anayo. Neno la askari wa kizuizini, kuwa nayo, linamkamata mlinzi huyo. Kumiliki kunamwacha nje. Kwa mara nyingine barabara imelishinda kamusi.

Wengine watasema: hii ni kazi ya serikali, si yetu. Ni kweli kwamba ni ya serikali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 142, inaiamuru serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 baada ya kutangazwa. Kiswahili ni mojawapo. Ile ya silaha ni ya 1985, imezaliwa kabla ya katiba hii, na mwanasheria mkali anaweza kusema kifungu hicho hakiihusu. Sawa. Lakini roho ya kifungu ni wazi: mtu asihukumiwe kwa maneno asiyoweza kuyasikia. Na hata serikali ikiamka kesho kutaka kutafsiri, itamwita nani? Itatuita sisi, nasi tutaanza kuulizana kama transport ni kusafirisha au kupeleka.

Wengine watasema: lugha haisaidii kitu kizuizini; kinachosaidia ni noti. Nimesikia hata Yomba mwenyewe akisema hivyo, na sitamkanusha mzee aliyelala kituoni. Lakini noti hupata nguvu yake pale ambapo neno halijulikani. Anayejua kwamba karatasi yake ni ya kuwa nayo tu ataomba barua ya kusafirisha kabla ya kupanda basi. Na askari anayejua kwamba abiria analijua neno hilo ana kazi ngumu zaidi ya kumtoza. Neno halimalizi rushwa. Linaipandisha bei.

Pingamizi zito zaidi ni la rafiki yangu mmoja wa darasa, ambaye ndugu zake wametoka Kivu. Aliniambia: "Nchi hii imekufa kwa bunduki, nawe unataka kuzitafutia maneno mazuri?" Namheshimu, na sitaki asome makala haya akidhani napendelea bastola. Sipendi bunduki ya Yomba, na bastola ya Yaya inaniogopesha kila nikisikia sauti ya lori lake nyuma ya maneno yake. Lakini silaha zilizoua Kivu hazikupita kwenye kizuizi zikiwa na karatasi ndani ya bahasha. Sheria isiyoeleweka haimzuii mwenye nia mbaya, kwa maana yeye haisomi. Inamkamata mzee wa nguruwe. Mikataba ya kanda hii, kama ule wa Nairobi wa mwaka 2004, imejengwa juu ya kutofautisha silaha halali na haramu, na kuwazuia raia wasiwe kabisa na bunduki za kivita. Tofauti hiyo haiwezi kulindwa na watu ambao lugha yao haina tofauti hiyo.

Tena tukumbuke kwamba suala hili halikuja na malori ya Iowa. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, na Katanga yetu imo katikati. Ulitoa nafasi kwa wachache, na mmoja wao alikuwa msafiri mwenye tamko la serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe tu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Msiri aliuawa Bunkeya kwa risasi ya afisa wa msafara wa kigeni. Tangu mwanzo, basi, kuvuka mpaka na silaha kwa halali kulikuwa haki ya yule aliyeweza kusoma karatasi na kuandikiwa karatasi. Bunduki zilikuwa pande zote mbili. Karatasi ilikuwa upande mmoja.

Nataka nini? Jambo dogo. Orodha ya maneno 30, si zaidi, iandaliwe na kitivo chetu pamoja na wenzetu wa sheria: kuwa nayo, kutembea nayo, kuisafirisha, kuifutika au neno litakaloishinda, kutia risasi, kutoa risasi, ruhusa, leseni, mwenye mali, mshikaji, jimbo kwa maana zake zote mbili. Kila neno liwe na mfano mmoja wa safari: kutoka Lukafu hadi Kolwezi, kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa na ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kuhusu Kiswahili gani kitumike, kile cha vitabu au chetu cha Lubumbashi, napendekeza yote mawili kwa safu mbili, na tusipoteze mwaka mzima katika ugomvi huo. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2019. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lugha ya vitabu itatufikisha kwa majirani. Lakini neno linapimwa kizuizini, na kizuizini watu wanasema "iko ya kuwa nayo". Kabla ya kuchapa orodha, twende nayo kwa madereva na wapiga debe wa mabasi pale Kenya, tuwasomee, tuone ni wapi wanakunja uso. Pale watakapokunja uso, tufute.

Nimeanza na maneno kumi. Yomba ameyasikia yote, akakataa mawili, na la tatu amelisahihisha. Ameniomba yakiwa tayari niyaandike kwa herufi kubwa, upande wa nyuma wa bahasha yake. Mahindi yake hukomaa mwezi wa tatu, na safari hii anataka kufika kabla ya nguruwe.